Usimpe aliyeumia kazi ya kukujibu

Juzi usiku nilipata meseji kutoka kwa dada mmoja anayesoma haya ninayoandikaga, ilikuwa imeshapita saa tano, inaonekana na yeye hakuwa analala. Anasema rafiki yake wa karibu kafiwa na mume, hii ni wiki ya tatu, na yeye hajampigia simu hata mara moja. Sio kwamba hampendi. Anaandika meseji anafuta, anaandika tena anafuta, akisema hivi anaona anamtonesha kidonda, akisema vile anaona maneno mepesi. Alafu akamalizia hivi: "Naogopa nikimpigia atalia na akilia sijui nitafanya nini, na sasa muda umepita nazidi kuona aibu, nitaanzia wapi?"

Niliisoma mara nne. Kusema ukweli mara ya kwanza nilikasirika, nikaiweka simu kifudifudi nikazima taa. Nilikasirika kwa sababu mimi nimewahi kuwa yule wa upande wa pili, yule anayesubiri, na najua mtu anayesubiri hajui kwamba kuna mwenzake huko anaandika na kufuta. Yeye anachoona ni simu iliyonyamaza tu. Asubuhi hasira zikawa zimepungua nikamjibu, jibu likawa refu mno, ndo nikaona niliweke hapa na wengine mlisome maana najua wanaopita humu wengi mnataka kuwa watu wema, mnachokosa ni pa kushika tu.

Miaka sita iliyopita mdogo wangu wa kiume alipata ajali. Alikuwa anakaa kwangu, mimi ndo nilikuwa mama na baba yake kwa wakati ule. Alikaa hospitali siku 11 akafariki. Siku hizo 11 sitazisimulia, aliyepita huko anajua na ambaye hajapita simuombei apite. Nitasema kitu kimoja tu cha kule. Siku ya tisa nilikuwa nimekaa kwenye benchi la korido, daktari ametoka kuongea na mimi maneno mabaya, na dada mmoja aliyekuwa anafanya usafi akaegemeza fagio lake ukutani, akaja akakaa pembeni yangu, akanishika mkono. Hakuniuliza kitu. Mkono wake ulikuwa wa baridi na una maji maji ya deki. Tulikaa hivyo labda dakika tano, labda kumi, alafu akaitwa akaondoka na fagio lake. Sikuwahi kumuona tena na jina lake silijui mpaka leo.

Baadae sana, katika zile usiku ambazo silali nasoma tu chochote kwenye simu, nilikutana na utafiti wa mwaka 2006 wa mwanasaikolojia James Coan na wenzake kule Marekani. Walichukua wanawake 16 walioolewa, wakawalaza kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawaambia kuna wakati unaweza kupigwa shoti ndogo ya umeme mguuni. Wakaona mtu akiwa ameshikwa mkono na mume wake, zile sehemu za ubongo zinazoshughulika na hatari zinatulia. Akiwa ameshikwa na mtu asiyemjua, zinatulia pia, ila kidogo. Niliposoma hapo kwenye mtu asiyemjua nililia sana, kwa sababu ndo ilikuwa hivyohivyo, ilikuwa kidogo na ilinitosha kusimama nikatembea mpaka kitandani kwa mdogo wangu.

Sasa nije kwenye kilichofuata baada ya mazishi, maana hapo ndipo watu wengi tunapokosea.

Siku za kwanza nyumba ilijaa. Meseji zilikuwa nyingi mpaka simu inaganda. Na karibu kila moja ilikuwa na ule mstari wetu maarufu, "ukihitaji chochote niambie". Naomba nikae hapo kidogo. Ile sentensi inasemwa kwa moyo safi kabisa, nimeisema mwenyewe mara nyingi tu, lakini hebu jaribu kuipokea ukiwa umevunjika. Unatakiwa kwanza ujue unahitaji nini, na wakati huo hujui hata leo ni siku gani. Alafu uchague umwambie nani kati ya watu 40 waliokuandikia maneno yaleyale. Umeze aibu, uombe, usubiri kama atakubali au atatafuta sababu. Kwaiyo uliyempa pole umemuachia kazi, na hataifanya. Mi sikumwambia mtu yeyote kitu chochote, hata mmoja.

Kuna mama mmoja alikuwa anakaa mlango wa tatu kutoka kwangu. Tulikuwa watu wa kusalimiana tu, shikamoo marahaba basi. Siku ya tano baada ya kuzika, watu wameshatawanyika kila mtu karudi kwenye shughuli zake, nikasikia hodi. Akasimama mlangoni hata viatu hakuvua, akasema, "Mwanangu, nguo zako zina siku tatu kwenye kamba na wingu limetanda. Naanua."

Hakusema unaonaje nikianua. Alisema naanua, akaenda akaanua, akarudi na lundo mikononi, akakaa chini sakafuni akaanza kukunja. Mi nilikuwa nimekaa kwenye kochi namuangalia mikono tu. Alikuwa anakung'uta shati mara moja, analilaza mapajani, analinyoosha kwa kiganja, anakunja mikono ndani, anakunja katikati. Mvua ikaanza, yeye anakunja. Alipomaliza akaniaga akaondoka, na katika muda wote ule hakuniuliza najisikiaje.

Kesho yake akaja tena, safari hii akachukua tenga la nguo chafu. Humo ndani kulikuwa na fulana ya mdogo wangu, ile aliyovua asubuhi ya siku ya ajali akaitupia humo akavaa nyingine akatoka. Mi nilikuwa nimeisahau kabisa. Jioni akaleta nguo zimefuliwa zimekauka, na juu yake ameweka mfuko peke yake, umefungwa. Akasema, "Hii fulana nimeiacha. Itafuliwa siku utakayotaka wewe."

Jamani. Ilikuwa bado ina harufu yake.

Haijafuliwa mpaka leo na harufu ilishaisha zamani, lakini yule mama alinipa miezi kama mitatu hivi ya kufungua ule mfuko usiku. Hakusoma sehemu yoyote kwamba afanye vile. Aliangalia tu alichokishika mkononi akajua hiki si cha kwangu kuamua.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo kwa sababu wiki hiyohiyo ndugu yetu mmoja, naye kwa nia njema kabisa, aliingia chumbani kwa mdogo wangu mimi nikiwa nimelala akakusanya viatu vyake akavigawa. Eti nikiviona nitaumia. Niliamka nikakuta pale vilipokuwa vimepangwa pana vumbi lenye alama za soli. Sijawahi kumwambia jinsi nilivyojisikia, na akisoma hapa basi asamehe, nimesamehe na mimi, ila sijasahau. Wema mdogo na wema mkubwa haviko sawa. Kazi ya nguo, vyombo, kupeleka watoto shule, kufagia, kulipia kitu kwenye foleni, hizo fanya bila kuuliza sana. Ila kitu chochote cha aliyeondoka, hata kama ni soksi moja yenye tundu, usiguse mpaka mwenyewe aseme. Ukishakigawa huwezi kukirudisha.

Mwingine aliyenishika kipindi kile ni kaka mmoja wa kazini. Hatukuwa marafiki, tulikuwa tunakutana kwenye ngazi. Ijumaa ya kwanza baada ya msiba akanitumia meseji: "Ni Ijumaa. Nakukumbuka wewe na mdogo wako. Usijibu." Nikadhani ndo imeisha. Ijumaa iliyofuata tena. Na iliyofuata. Alikwenda hivyo karibu mwaka mzima, na nilimjibu nadhani mara mbili tu. Tukikutana kwenye ngazi hakuwahi kuniuliza kama zinafika. Lile neno "usijibu" sijui alilitoa wapi, lakini nawaambia lilikuwa kama mtu amenivua begi zito mgongoni. Wengine wote waliokuwa wananiandikia walikuwa wanataka kitu, hata kama ni kidogo. Vipi unaendeleaje? Leo afadhali? Umekula? Na ukiwa kwenye hali ile kila swali ni mtihani, ukisema mbaya unamtia mtu hofu, ukisema nzuri unadanganya, ukinyamaza wanasema umejitenga.

Nilikuja kugundua kuna daktari wa magonjwa ya akili kule San Francisco, Jerome Motto, alifanya kitu cha namna hiyo tangu miaka ya mwisho ya 1960. Alichukua watu waliolazwa hospitali kwa sonona au kwa kutaka kujiua, ambao baada ya kutoka walikataa kuendelea na matibabu. Walikuwa 843. Akawagawa makundi mawili, kundi moja likaachwa kama kawaida, lingine likawa linatumiwa barua fupi, mistari miwili tu, kwa kipindi cha miaka mitano. Mwanzoni kila mwezi, baadae kila baada ya miezi kadhaa. Barua ilikuwa inasema kwa ufupi kwamba ni muda sasa tangu uwe hapa kwetu, tunatumaini mambo yanakwenda vizuri, ukipenda kutuandikia tutafurahi. Haikuuliza umekunywa dawa, haikudai mtu arudi kliniki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001, kundi lililopata barua lilikuwa na vifo vichache vya kujiua, na tofauti ilionekana wazi zaidi katika miaka miwili ya kwanza. Inasemekana wazo lenyewe alilitoa kwenye maisha yake, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alipokuwa mwanajeshi Ulaya kuna msichana alikuwa anamuandikia barua, na akaona zinavyomshikilia. Yaani mtu ulikuwa mbali na hatari na giza, na kuna mtu sehemu fulani anakukumbuka bila kukudai chochote. Mi nikasoma nikasema, kaka wa kwenye ngazi, wewe ulikuwa unafanya tiba hujui.

Sasa rafiki yangu. Hapa naombeni mnivumilie.

Nilikuwa na rafiki, tuseme zaidi ya rafiki, mtu ambaye nilikuwa namuita dada na nguo zangu zinakaa kwake na zake zinakaa kwangu. Siku ya mazishi alikuja akasimama nyuma. Akanitumia ile "ukihitaji chochote niambie". Alafu kimya. Mwezi, miezi miwili, minne. Nilikuwa namuona yuko hewani, naona picha zake anazoweka, najiambia labda kazi zimembana. Mwezi wa nne nikakutana naye kituo cha basi, uso kwa uso, hapakuwa na pa kukimbilia. Akaanza kulia. Analia kwa sauti watu wanaangalia, anasema hajui aniambie nini, anasema nimemuweka kwenye wakati mgumu sana, anasema amekuwa anajichukia. Na mimi mfiwa ndo nikamkumbatia. Nikampangusa machozi nikamwambia usijali, nimekuelewa, usijichukie. Basi likaja nikapanda nikakaa dirishani, nikahisi kama nimetoka kuzika mara ya pili.

Haikuwa kazi yangu ile. Kuna wenzetu wawili, mwanasaikolojia Susan Silk na mwenzake Barry Goldman, mwaka 2013 waliandika kwenye gazeti la Los Angeles Times kitu rahisi sana ambacho ningetamani kila mtu akishike. Chora duara dogo, katikati muweke aliyepatwa na jambo. Duara la pili walio karibu naye kabisa, la tatu marafiki, la nne watu wa kazini na majirani, na kuendelea. Sheria ni moja: faraja inaelekea ndani, malalamiko yanaelekea nje. Aliye katikati anaweza kumlilia yeyote. Wewe uliye duara la tatu ukizidiwa, nenda kamlilie wa duara la nne au la tano, usimlilie wa katikati. Una haki ya kulia kabisa, ila angalia unaelekeza machozi wapi. Rafiki yangu alikuwa na uchungu wa kweli, siwezi kukataa, alimpenda mdogo wangu. Lakini aliuleta mlango usio wake.

Kwaiyo nilimwambia yule dada wa meseji: unaogopa atalia? Mwache alie. Wewe kuwa na kitambaa tu. Hakuna kitu unatakiwa kufanya mtu akilia zaidi ya kutokuondoka. Usimwambie nyamaza, usimwambie jikaze, usimwambie alikuwa amechoka amepumzika, usimwambie Mungu ana makusudi yake hata kama unaamini hivyo na yeye anaamini hivyo, mwache aseme mwenyewe. Na usimpimie safari. Kuna mtu aliniuliza "sasa hivi uko hatua ya hasira au umeshafika kukubali?", amezisikia zile hatua tano za huzuni sehemu fulani. Zile hatua zilielezwa na daktari Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969, na alikuwa anazungumzia wagonjwa wanaokabiliana na kifo chao wenyewe, baadae ndo watu wakazihamishia kwa waliofiwa kama vituo vya basi, unashuka hapa unapanda hapa. Huzuni haiendi hivyo. Mi nilikubali Jumatatu, Jumanne nikakuta soksi yake chini ya kochi nikaanza upya.

Na taja jina la marehemu. Hili nalirudia kwa sababu watu wanadhani wakilitaja wanakukumbusha. Hakuna wa kunikumbusha, nilikuwa sijasahau hata dakika moja. Siku mtu anapotaja jina lake katikati ya maongezi ya kawaida, "mdogo wako angecheka sana hapa", mi nilikuwa naiweka siku hiyo kama zawadi. Andika tarehe kwenye simu yako pia, siku ya kuzaliwa ya aliyeondoka, mwezi wa tatu, mwaka wa kwanza, mwaka wa pili ambao hakuna anayeukumbuka. Siku hiyo tuma mistari miwili na umalizie na usijibu. Ni kitu kidogo, ni sekunde thelathini, na hukiwezi kwa sababu gani? Niambie. Tunaweza kukaa saa nzima tunasogeza picha za watu tusiowajua na hatuwezi sekunde thelathini za mtu aliyetubeba. Tubadilike kwa kweli.

Nimehubiri sana na sina haki yote hiyo, kwa sababu kuna kitu sijawahi kukisema.

Miaka mitatu kabla ya msiba wangu kuna mwenzangu tuliyesoma naye alifiwa na mtoto mchanga. Nilisikia. Sikwenda. Siku moja nikamuona anakuja upande wangu wa barabara, amebeba mfuko mmoja mdogo, anatembea polepole, na mimi nikavuka. Nilivuka barabara jamani, nikajifanya naangalia kitu kwenye simu. Na najua aliniona, kwa sababu nilipoinua macho alikuwa amesimama ananiangalia, alafu akaendelea kutembea. Miaka yote hii nimembebesha rafiki yangu kosa la kituo cha basi na langu nimeliweka kabatini. Yeye angalau alisimama akalia. Mi nilivuka.

Nilipomaliza kumjibu yule dada nilitafuta namba ya mwenzangu huyo, nikaipata kwa mtu wa tatu, nikamuandikia: "Nilikuona siku ile nikavuka barabara. Uliniona pia. Nisamehe. Nimemkumbuka mwanao leo. Usijibu." Nilikaa na kidole juu ya kitufe muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa na kitu chochote. Imefika, imesomwa. Hajajibu na nilimwambia asijibu kwaiyo sina cha kulalamika, ingawa kila simu ikilia naangalia.

Kuhusu swali la nitaanzia wapi, nilimwambia yule dada aanzie mlangoni. Asipige simu maana simu inahitaji maneno. Asitume meseji ndefu ya kujitetea kwa nini amechelewa maana hiyo nayo ni kazi, mwenzie itabidi amsamehe kabla hajasalimiwa. Aende, aseme nimechelewa, nipo hapa mpaka saa moja, alafu atafute kitu cha kufanya kwa mikono. Akiambiwa leo hapana aondoke bila kununa, arudi siku nyingine.

Jana jioni kanitumia meseji. Nimemuomba ruhusa niiweke na amekubali.

"Nimeenda. Kafungua mlango kaniangalia tu, kasema mbona umechelewa, alafu kanipisha nipite. Hatujaongea sana. Kulikuwa na bahasha za hospitali na makaratasi ya kazini kwa mumewe yamejaa kwenye droo, alikuwa anaogopa kuyafungua peke yake. Tumekaa chini tumeyapanga mpaka saa mbili. Nimetoka nje ndo nakumbuka hata pole sijampa."